Herufi Moja Inauzwa Bei Gani?

Jirani, sogea hapa kwenye benchi, kuna kivuli. Mangi, mpe huyu soda ya baridi, atalipa mwenyewe. Sasa nikuulize. Hivi ni nani alianza kusambaza habari kwamba kompyuta ya kuunda mwenyewe ni nafuu kuliko ya dukani? Simtafuti kwa ubaya. Nataka tu anirudishie nauli za Kariakoo.

Maana mimi nilikuwa na maisha yangu. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa pili. Nakaa kwa dada, Mbagala, kwa hisani ya shemeji. Laptopu ninayo, ila bawaba zimekatika, kioo nakiegemeza kwenye ndoo, betri imebaki pambo. Nikifungua programu ya kuchorea, feni inapiga kelele mpaka mtoto wa dada anaamka. Shemeji anagonga ukuta. Dada anasema vumilia, mdogo wangu. Navumilia. Kisha bumu likaingia. Unalijua bumu wewe? Elfu kumi kwa siku, ya kula na kulala, ila linakuja kwa mkupuo, na likija hivyo hata namna ya kutembea inabadilika. Chakula mimi nakula kwa dada. Nikajumlisha na hela ya simu niliyouza, na vijisenti vya kuwachorea wenzangu kazi ambazo mwalimu alisema kila mtu achore mwenyewe. Ikafika laki sita na nusu. Nikatangaza chuoni kwamba naunda kompyuta.

Hela haitangazwi, jirani.

Akaja Mtaalamu. Jina lake halisi liache, sisi tunamwita Mtaalamu. Anarudia mwaka, lakini ukimgusa mambo ya kompyuta anaongea mpaka mate yanamkauka. Kompyuta hana. Nilimuuliza mbona huna, akasema yeye ni mshauri. Akaomba daftari langu. Akaandika: prosesa, mazabodi, RAM, SSD, pawa saplai, kesi. Chini akaandika kadi ya grafiki, akapigia mstari. Nikasema ngoja kwanza, hivyo vyote ni kompyuta moja? Akanitazama kwa huruma. Kuna wawili walikuwa wanakunywa chai meza ya pili, nao wakanitazama kwa huruma, na wale wanasoma ualimu wa michezo.

Halafu likaanza lile neno lake. Ongeza kidogo tu. Ukitaja prosesa ya i3, anasema ongeza kidogo tu upate i5. Ukitaja SSD ya GB 128, ongeza kidogo tu upate 256. Bodi yenye nafasi mbili za RAM, ongeza kidogo tu upate yenye nne. Kila kidogo chake ni elfu ishirini, elfu arobaini. Na kinachoudhi ni kwamba ana hoja! Nafasi inazidi mara mbili, bei inazidi elfu ishirini, mjinga gani aiache? Unaongeza. Unaongeza tena. Tulipofika chini ya ukurasa tuko milioni moja na laki nne, na kioo hakijaandikwa hata herufi. Nikamwambia kaka, mimi nina laki sita na nusu. Akasema ah, kumbe wewe bajeti yako ya mwanafunzi. Nikamwambia hata wewe mwanafunzi. Akafunga daftari, akaomba buku la chapati.

Sasa mimi nilidhani vipande unanunua tu, unabeba, unachomeka. Wapi! Prosesa na mazabodi lazima zikubaliane soketi. AMD wana AM4, ndiyo Ryzen zilianza nayo 2017, halafu wana AM5 iliyokuja 2022, na hiyo AM5 haitaki RAM nyingine yoyote ila DDR5. Hapo angalau unaelewa. Njoo kwa Intel. Kizazi cha 6 na cha 7, soketi 1151. Kizazi cha 8 na cha 9, soketi 1151. Namba ileile, umbo lilelile. Chukua prosesa ya kizazi cha 8, iweke kwenye bodi ya kizazi cha 6. Inaingia vizuri kabisa. Haiwaki. Imekataa tu. Niliuliza kama kuna namna ya kuongea nayo, Mtaalamu akasema hakuna.

Kuna na hili la bodi za zamani. Unapata ya AM4 kwa bei ya kutupa, unaweka Ryzen mpya, kimya. Eti ile programu iliyolala ndani ya bodi, BIOS, iliandikwa kabla prosesa yako haijazaliwa, haiitambui. Dawa ni kuisasisha BIOS. Ili uisasishe, bodi iwake. Ili iwake, uwe na prosesa ya zamani. Unaizunguka hiyo habari mpaka kichwa kinauma. Mwaka 2018 AMD wenyewe walikuwa wanawaazima wateja prosesa ya kufanyia kazi hiyo, ukimaliza unarudisha. Mtaalamu akaniambia basi omba na wewe. Mimi! Niko Mbagala, niazimwe prosesa na Wamarekani! Wewe jirani pampu ya baiskeli tu ulininyima.

Kariakoo nako. Kuna kijana pale ana meza, nyuma ya meza kuna stoo, nyuma ya stoo kuna kaka yake. Akaniita tajiri. Nikaitika. Akasema tajiri, achana na makorokoro ya vipande, chukua chuma. Akatoa Dell OptiPlex, mtumba wa ofisi, imeshuka na kontena kutoka Ulaya. Core i5 3470, ya mwaka 2012, RAM GB 8. Laki mbili na nusu, na kibodi juu yake, na puku. Akashusha na hoja nzito: GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, prosesa ya Intel waliyoipendekeza wenye gemu yao ni hiyohiyo i5 3470. Nikamwambia mimi msomi, sichezi gemu. Akacheka. Kaka yake akacheka kule stoo.

Mtaalamu akaingilia. Windows 11 haitaki Intel ya chini ya kizazi cha 8, hiyo ni ya kizazi cha 3, na Windows 10 muda wake uliisha rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Halafu ile kesi yake nyembamba, pawa saplai ina umbo lake peke yake, bodi ina umbo lake peke yake, kadi ya grafiki haiingii isipokuwa ile fupi. Kikifa kimoja unatafuta ndugu yake dunia nzima. Yote kweli, na mtu mwenye laki sita angeichukua hivyohivyo, akabaki na chenji ya kula mwezi mzima. Ila mimi nikuambie kilichonikataza? Sura. Ile kitu nyeusi, imechubuka, ina kibandiko cha namba ya mali ya ofisi ya watu. Hiyo ni kompyuta ya mtendaji wa kata. Mimi nataka yenye kioo ubavuni na feni zinazowaka rangi. Sijafika umri wa kugonga mihuri.

Basi tukaingia kwenye RAM. Shika soda yako vizuri. Zamani RAM ilikuwa kitu cha kubembeleza, unakaza sura kidogo unatupiwa kwa bei ya kishikaji. Sasa muuzaji anaitoa mfuko wa ndani wa shati. Sababu? Akili mnemba. Wenye viwanda wakubwa wa RAM duniani ni watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na mzigo mkubwa siku hizi unaelekezwa kwenye yale majumba ya mashine za akili mnemba. Mwishoni mwa 2025 bei zikapaa. Yaani kuna mtu huko Marekani anaiomba mashine imwandikie barua ya kumwomba radhi mkewe, na mimi huku Kariakoo naongezewa elfu hamsini kwenye kijiti cha GB 8. Sijui mkewe alisamehe. Mtaalamu akasema usinunue kijiti kimoja cha 8, nunua viwili vya 4, vinafanya kazi bega kwa bega, kasi inakuwa kubwa. Nikaulizia bei ya viwili. Nikanunua kimoja.

Kesi nilipata nzuri. Kioo ubavuni, feni tatu, zinazunguka rangi zote za bendera za Umoja wa Afrika. Na pawa saplai iko humohumo ndani, bure! Imeandikwa 500W kwa maandishi yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nikatoa hela. Mtaalamu akanishika mkono. Akaipindua, akaanza kusoma yale maandishi madogo ya pembeni, yale ambayo Mungu hakukusudia binadamu ayasome. Volti 12, ampia 16. Akatoa simu. Kumi na mbili mara kumi na sita, wati 192. Akasema prosesa na kadi ya grafiki zote zinakula hapo kwenye volti 12, kwa hiyo cha kula hasa ni hicho. Nikamgeukia muuzaji. Nikamuuliza kaka, hizi nyingine mia tatu na nane ziko wapi? Akasema zinakuja mashine ikishazoea.

Nilitaka kukubali. Kweli nakuambia. Alisema kwa upole sana.

Mtaalamu akaniwekea ile pawa saplai mkono mmoja, mkono mwingine akaniwekea nyingine yenye alama ya 80 Plus. Ya bure haina uzito, unaweza kujipepea nayo. Ile nyingine mkono ukashuka. Akasema ya bure ikifa haifi peke yake, inaondoka na bodi, na kwa huu umeme wetu wa kwenda na kurudi haifiki Pasaka. Bei ya ile nzito? Karibu sawa na kesi nzima. Na kesi ukiirudisha bila ile ya bure hawakupunguzii hata mia, kwa sababu, nikumbushe, ni ya bure. Hapo hela ikawa imefika shingoni. Nikasogea pembeni kwenye muuza miwa, nikampigia mjomba.

Mjomba wangu yuko Morogoro, ana kiwanja Chanika. Nikasema shikamoo mjomba, marahaba, hamjambo huko, tunamshukuru Mungu, mjomba nimekwama na vifaa vya masomo. Usanifu wa sasa bila kompyuta huendi popote. Akauliza, hiyo kompyuta yako inaweza kuchora nyumba? Nikamwambia mjomba, hiyo inachora nyumba mpaka sabuni ya bafuni. Akanyamaza kidogo. Akatuma laki mbili na nusu. Na ya kutolea! Mtu akikuwekea na ya kutolea, jirani, huyo ana jambo lake. Mimi sikulifikiria. Nilikuwa naangalia salio.

Ikabaki prosesa. Siku hiyo Mtaalamu hakuwepo, ana mtihani wa marudio, na katika maisha yake hiyo ndiyo ratiba pekee anayoiheshimu. Nikaenda mwenyewe. Kwenye kabati la vioo zimekaa mbili, ubavu kwa ubavu. Ryzen 5 5600. Ryzen 5 5600G. Viini sita hii, viini sita ile. Zote AM4. Tofauti ni herufi moja, na yenye herufi iko juu kwa elfu arobaini. Nikamuuliza dada wa dukani, hii G ni ya nini? Akasema grafiki. Nikamwambia kadi ya grafiki nitanunua bumu lijalo. Akasema sawa kaka yangu, lakini kwa sasa hivi... Nikamkatiza. Nikamwambia dada, mimi herufi sinunui. Tena nilikuwa nimesoma, siyo kwamba nilikwenda mtupu: isiyo na G ina kashe ya MB 32, yenye G ina MB 16 tu. Nusu! Wanakuuzia nusu halafu wanakutoza herufi. Nikamwonyesha kwenye simu. Yule dada alinyamaza, akaandika risiti, mwisho wa risiti akapiga ule muhuri wa bidhaa iliyouzwa hairudishwi. Akaupiga mara mbili. Nikatoka pale mshindi.

Kwenye daladala konda akasema hilo friji linalipiwa. Nikamwambia ni kompyuta. Akapaza sauti kwa gari zima: kuna mtu kapanda na kompyuta ya kuosha vyombo. Nikalipia siti mbili, na bado nikasimama, siti ikakaliwa na kesi. Mama mmoja akaweka kapu lake la dagaa juu ya kioo changu cha ubavuni. Nikasema mama samahani. Akasema huna adabu. Abiria wakakubaliana naye.

Nikaunda sebuleni, kwenye mkeka, familia nzima imekaa kwenye makochi inaangalia. Mtaalamu yuko kwenye simu ya video, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kwenye kesi nikakuta kifuko cha skrubu na vijiti vidogo vya shaba. Vile vya shaba nikaona vimezidi, nikavirudisha kwenye kifuko. Mtaalamu akapiga yowe mpaka mtoto akaanza kulia. Kumbe bodi inapanda juu ya vile vijiti, bila hivyo mgongo wake unagusa bati la kesi, na ukiwasha inaungua. Sasa si wangevipa ukubwa wa kuheshimika! Kitu kinachozuia hasara ya laki mbili unakitengeneza kidogo kuliko punje ya mahindi?

Kilifuata feni ya prosesa. Ile inayokuja ndani ya boksi ina skrubu nne za springi, na chini yake imeshapakwa dawa ya kijivu ya kupitisha joto. Mimi nilikuwa nimenunua dawa yangu kwenye bomba. Nikapaka na yangu juu ya prosesa. Nikapaka kwa moyo. Ikabubujika pembeni, ikaingia kwenye kucha, ikafika kwenye kochi la shemeji, upande ambao anapenda kukaa. Nikageuza mto.

Halafu zile nyaya za mbele ya kesi. Ya kuwashia, ya kuwashia upya, ya taa. Vichwa vyake ni vidogo, maandishi yake kwenye bodi ni madogo zaidi, yako kona yenye giza, na yana chanya na hasi. Niliazima miwani ya kusomea ya shemeji. Sikuona kitu, nikapata kizunguzungu. Mtaalamu akasema ile ya swichi haina mbele wala nyuma, chomeka vyovyote. Nikachomeka vyovyote. Hiyo peke yake ndiyo ilikubali mara moja.

Nikabonyeza. Jirani, iliwaka! Feni zikazunguka, rangi zikatapakaa mpaka darini. Dada akapiga kigelegele. Mtoto akaanza kucheza. Shemeji, mtu ambaye hajawahi kunipongeza tangu anioe... tangu amuoe dada, alisimama mwenyewe kwenda kuchomoa king'amuzi ili nichomeke HDMI kwenye runinga yake, kwa sababu kioo, nadhani nilikudokeza, hakikuandikwa. Nikachomeka. Runinga ikaandika hakuna mawimbi. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Hakuna mawimbi. Feni zinazunguka, rangi zinapishana, nyekundu, bluu, zambarau. Tukakaa wote tunaangalia. Shemeji akasema taratibu:

"Kwa hiyo, shemeji, hii ni taa?"

Mtaalamu akauliza kwenye simu, ulichukua yenye G? Nikamwambia mimi herufi sinunui. Akafunga macho. Eti 5600 bila G haina grafiki ndani yake, haiwezi kutoa picha mpaka uwe na kadi. Nikamwambia lakini tundu la HDMI lipo nyuma ya bodi, naliona, nimelichomeka! Akasema tundu lile ni la wenye G. Sasa wewe nisikilize. Mimi nasoma usanifu. Ukichora mlango kwenye ukuta ambao nyuma yake hakuna chumba, unafelishwa siku hiyohiyo. Wao wanatengeneza bodi, wanaweka mlango, wanaweka na bawaba, ukifungua unakutana na tofali. Na anayechekwa ni mimi. Intel nao ndiyo walewale, wao herufi yao ni F, ukiiona F mwishoni ujue grafiki imetolewa. Yaani huku herufi inaleta, kule herufi inaondoa. Mtu wa kawaida atajuaje?

Usiku ule shemeji akaangalia taarifa ya habari akiwa amechelewa, na hilo nalo likawekwa kwenye hesabu yangu.

Kuirudisha prosesa kukawa na kesi yake. Nikafungua skrubu nne, nikavuta feni. Imeng'ang'ania. Dawa mbili, ya kiwandani na ya kwangu, zimeshikana undugu. Nikavuta kwa nguvu. Feni ikatoka, na prosesa ikatoka nayo, imeganda chini yake, wakati kile kijiwiko cha soketi bado kimefungwa! Hizi za AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, 1,331, nyembamba kuliko nywele za mtoto. Ikaning'inia kidogo. Ikajibandua. Ikaangukia sakafuni kwa upande wa pini, kwa sababu dunia hii kitu hakijui kuanguka kwa mgongo.

Pini za kona zikalala. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa simu hapo Kariakoo, mzee wa makamo, miwani ya kukuzia imebana jicho moja. Akauliza una kadi ya benki? Nikampa. Akaanza kuzipitisha pini kwa ukingo wa kadi, mstari mmoja mmoja, anainyoosha moja, anapumua, anainyoosha nyingine. Akasema kadi hii nzuri, haijachakaa. Nikamwambia haitumiki sana. Akasema inaonekana.

Pale dukani yule dada alinitambua kabla sijafika mlangoni. Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Akanionyesha mihuri yake kwenye risiti, yote miwili. Nikabembeleza. Akamwita bosi. Bosi akaishika prosesa, akaiinamisha kwenye mwanga, akasema hii ilishaanguka. Tukakubaliana inapokelewa kwa bei ya mtumba, na mimi naongeza laki na ishirini nipewe yenye G. Laki na ishirini! Mara ya kwanza herufi ilikuwa elfu arobaini. Ilipanda bei nikiwa njiani.

Basi ikawaka. Picha ikaja kwenye runinga, shemeji akaguna, dada hakupiga kigelegele, alishajifunza. Nikafungua kuangalia RAM. Nimenunua 8, nimebakiwa na 6 za kutumia. Nikampigia Mtaalamu, mbili zimeibiwa wapi? Akasema zimechukuliwa na G. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakula kwenye RAM yako, ndiyo maana nilikuambia ununue vijiti viwili. Yaani herufi nimeinunua, nimeilipia nauli, na sasa nailisha.

Na kioo sina mpaka leo. Kompyuta ipo sebuleni, natumia runinga baada ya taarifa ya habari, baada ya tamthilia, baada ya mpira, baada ya uchambuzi wa mpira. Kwenye saa sita hivi usiku napewa rimoti kwa sharti la sauti. Na ile runinga ni ya inchi 43, jirani. Kila ninachoandika kinasomeka na nyumba nzima. Juzi namwandikia binti mmoja wa darasani ujumbe, naomba tu noti za kozi, mtoto wa dada katoka kwenda chooni, amesimama nyuma yangu, anajifunza kusoma. Akausoma kwa sauti. Mpaka ule mwisho. Dada akacheka huko chumbani. Shemeji akasema "mwandikie na ya kutolea."

Haya yote ningeyameza. Sasa jana mjomba kapiga simu. Anasema Jumamosi anashuka Dar, anakuja na fundi mwashi wake, anataka waone ramani ya nyumba ya Chanika. Ramani gani, jirani? Programu ya kuchorea haijaingia. SSD ni ya GB 256, Windows imekaa, na zaidi ya GB 100 imechukuliwa na GTA V, ambayo niliiweka kwa ajili ya kupima mashine tu. Kupima kunachukua muda, usinitazame hivyo. Ila mle ndani kuna nyumba ya yule jamaa Michael. Ya ghorofa, bwawa la kuogelea nyuma, uwanja wa tenisi, geti. Nimeshaijua, naweza kuizunguka yote bila kugonga ukuta. Nafikiria nimkalishe mjomba kwenye kochi, ule upande ambao mto haujageuzwa, nimtembeze humo, nimwambie bado rangi. Tatizo ni mke wa Michael. Yule mama hakawii kutokea na matusi, na mjomba lazima ataniuliza nimemchora nani kwenye nyumba yake.